Nani Ana Deni la Kamba?

Januari 2024, wiki moja kabla sijarudi chuoni, mjomba wangu alianguka kutoka juu ya paa la duka huko Quitunda. Aliangukia upande wa kulia akavunjika mkono, karibu na kifundo. Kiunoni alikuwa amefungwa kamba, na kamba ile niliifunga mimi. Naanza na habari hiyo ili msomaji ajue mapema kwamba swali ninalouliza sikulipata darasani: fundi anapopanda juu ya nyumba ya mtu mwingine, usalama wake ni deni la nani?

Quitunda ni kijiji kipya. Kipo katika rasi ya Afungi, wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa Cabo Delgado, na kilijengwa kwa ajili ya watu waliopisha mradi wa gesi asilia. Familia za kwanza zilihamia mwaka 2019. Yetu ilikuwa miongoni mwa hizo, nami nilikuwa na miaka 16. Tulitoka kwenye nyumba za miti, udongo na makuti tukaingia kwenye nyumba za matofali zilizoezekwa bati. (Kwetu, kwa kuchanganya na Kireno, bati huitwa chapa. Wenzangu hapa chuoni hucheka nikisema hivyo, kwa hiyo nitaandika bati.) Paa la makuti na paa la bati ni vitu viwili tofauti. Kwenye makuti mguu unapata mshiko, na nyumba yenyewe ni fupi. Bati likiloa umande ni kama sabuni, na chini yake kuna ukuta mrefu. Mwaka uleule, tarehe 25 Aprili, Kimbunga Kenneth kilitua kwenye pwani ya mkoa wetu, na watu wote wakajifunza kwamba bati likilegea lisiachwe hata siku moja. Tulijifunza kupanda haraka. Kupanda kwa usalama hatukujifunza.

Mjomba alikuwa mvuvi. Baada ya kuhama alipata kibarua cha saidia fundi kwenye eneo moja la ujenzi, na huko ndiko alikoujua ufundi wa paa. Jioni alikuwa akitusimulia mambo ya kazini kama mtu aliyetoka safari. Alisema mtu hapandi bila mkanda wa mwili mzima, ule unaopita mabegani na mapajani, na mkanda hauna kazi kama kamba yake haikufungwa mahali palipokwisha kuchaguliwa na kukaguliwa. Akasahau kupafunga, anateremshwa na siku hiyo hapandi tena. Sisi tulicheka. Watu wazima, wengine wamezama na mashua wakaogelea hadi nchi kavu, wanafungwa kamba kama mbuzi!

Halafu ikaja Machi 2021. Tarehe 24 Palma ilishambuliwa, maelfu ya watu wakakimbilia Quitunda, na mwezi uliofuata, tarehe 26 Aprili, kampuni ya Total ilitangaza kwamba imesimamisha mradi kwa sababu zisizozuilika. Vibarua vikaisha. Mjomba alirudi kijijini na ufundi wake, bila mkanda na bila kamba ya kazini. Kuanzia hapo alipanda mapaa ya majirani miguu mitupu.

Jambo hili ndilo lililonifanya nianze kufikiri, hata kabla hajaanguka. Mwili ni uleule na bati ni lilelile. Upande mmoja wa uzio mwili huo ulikuwa na thamani ya kufungwa kamba, na upande wa pili hauna. Nikamuuliza kwa nini hafanyi kama alivyofundishwa. Akanijibu, "Mpwa wangu, kule nilikuwa mtu wa kampuni. Hapa mimi ni mtu wa nani?" Aliposema hivyo alikuwa anatabasamu, lakini mimi jibu hilo sikuliona la mzaha. Maana yake ni kwamba usalama ni mali ya anayekumiliki, na asiyemilikiwa na mtu hana anayemdai. Kama ndivyo, hatukutoka mbali sana na enzi ambazo mtumwa alitunzwa kwa sababu alinunuliwa.

Lazima nieleze kidogo mambo ya kamba yenyewe, maana bila hayo hoja yangu itaonekana ya hewani. Mahali pa kufungia kamba nitapaita nanga, kwa kuwa sisi watu wa pwani neno hilo tunalijua vizuri: chombo hakitegemei unene wa kamba, kinategemea kile kilichoshika chini. Mtu wa kilo 80 akianguka mita 2 kisha akazuiwa ghafla, ndani ya sentimita 10, nguvu inayovuta nanga ni kama uzito wa kilo 1,600. Si kilo 80. Ndiyo sababu kanuni za Marekani zinadai kwamba nanga ya mtu mmoja ihimili pauni 5,000, yaani karibu kilo 2,270, isipokuwa kama mtaalamu amepiga hesabu zake mwenyewe. Sasa angalia paa letu. Bati ni ngozi tu. Papi, zile mbao nyembamba zinazolala juu ya kenchi, zimewekwa ili kubeba bati. Ukifunga kamba kwenye papi, imeshikwa na misumari michache tu. Kenchi ndiyo mfupa, na hata kenchi si kila mahali pa kuaminiwa. Afadhali pale inapoungana na nyingine, tena kwa kipande cha chuma kilichopitishiwa bolti kutoka upande hadi upande na kufungwa nati, si kwa msumari. Kama hakuna chuma, mafundi wengine hupitisha kamba juu ya kilele cha paa na kuifunga kwenye mkorosho mnene upande wa pili, na kuweka gunia pale kamba inapopanda ukingo wa bati ili isikatwe.

Kuna jambo lingine ambalo sikulijua mpaka nilipolisoma baadaye, nalo lilinisikitisha. Kamba ya mita 2 yenye kifaa cha kupunguza mshtuko, ile inayotumika kwenye majengo marefu, huhitaji karibu mita 6 za hewa tupu chini ya nanga: urefu wa kamba, na urefu wa kifaa kinapofunguka, na urefu wa mwili wenyewe, na akiba kidogo. Paa la duka lile, pale kwenye ukingo, lina mita 3. Maana yake hata kama mjomba angekuwa na vifaa vyote vya kampuni, angefika ardhini kabla kamba haijamaliza kazi yake. Kwenye nyumba zetu fupi kamba ya kudaka haifai sana. Inayofaa ni ya kuzuia: fupi, imefungwa juu ya kichwa cha mtu, kwa urefu ambao anafanya kazi yake yote bila mguu wake kuweza kuufikia ukingo. Na iwe juu yake moja kwa moja, kwa sababu ikiwa pembeni, akiteleza anabembea kama ndoo ya kisima mpaka agonge kitu.

Siku ile tulikuwa tumeng'oa mabati mawili yaliyolegea, kwa hiyo papi na kenchi zote zilikuwa wazi. Mjomba alijifunga kamba ya mashua kiunoni (kiunoni ni mahali pabaya, huumiza mbavu na kubana pumzi, lakini ndicho tulichokuwa nacho) akanirushia ncha akisema, "Funga kwenye kenchi." Kuifikia kenchi kulinitaka nilale kifudifudi na kupenyeza mkono chini ya papi. Jua lilikuwa kali. Nikafunga kwenye papi, nikakaza fundo, nikasema, "Tayari, mjomba." Fundo lilikuwa zuri. Halikufunguka hata baadaye. Aliteleza, papi ikabiringika, misumari ikang'oka, na vyote vitatu, mtu, kamba na ubao, vikaenda chini pamoja.

Akiwa amelala mchangani alisema, "Imeandikwa." Watu waliokusanyika wakaitikia. Nami nikaitikia.

Hapa ndipo ninapotaka kubaki kidogo, kwa sababu nadhani kijijini kwetu neno hilo linabeba kazi mbili na sisi hatuzitenganishi. Kazi ya kwanza ni kumfariji aliyepatwa na msiba, na hapo sina neno. Mtu aliyeyaona ya 2021 akatoka hai ana haki ya kusema kwamba uhai wake hauko mikononi mwake. Mjomba aliwahi kuniambia kwamba baada ya siku zile atakuwa mwendawazimu akiogopa paa. Namwelewa. Lakini kazi ya pili ya neno lile ni kufunga mashtaka kabla hayajafunguliwa, na aliyefaidika nayo siku ile si mjomba. Nilikuwa mimi. Neno lake la subira nililifanya pazia langu. Sioni kwamba dini yetu inaruhusu hivyo. Sote tumefundishwa madrasa ile habari iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, akaambiwa afunge kwanza ndipo ategemee. Na katika Surat al-Baqara, aya ya 195, tunakatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi. Ningeongeza kwamba anayefunga ngamia wa mwenzake kwenye kijiti kibovu hawezi kujitetea kwa kusema mwenzake alikuwa mcha Mungu.

Lakini je, mwenye duka? Nilipokwenda kumwomba asaidie gharama za hospitali alitoa kiasi, tena kwa roho nzuri, ila akasema hilo si deni, ni sadaka. Sababu yake ilikuwa rahisi: "Fundi alikubali mwenyewe. Sikumlazimisha kupanda." Hoja hii nimeikuta vitabuni ikiwa imevaa nguo bora zaidi. John Stuart Mill, katika kitabu chake *On Liberty* cha 1859, anatoa mfano wa mtu anayetaka kuvuka daraja bovu. Kama hajui kwamba ni bovu, unaweza kumkamata umrudishe. Kama anajua na bado anataka, umwonye tu, kwa kuwa uhai ni wake. Nilipousoma mfano huu mara ya kwanza nilidhani umemaliza kesi dhidi yangu na kwa faida ya mwenye duka. Mjomba alijua bati linateleza kuliko sisi wote.

Baadaye nikaona tofauti. Mtu wa Mill anavuka kwa haja zake. Fundi anavuka kwa sababu kuna mtu upande wa pili anamwita, ameshika pesa mkononi, na daraja ni la huyo anayeita. Ukimwita mtu avuke daraja lako ili akuletee mzigo wako, neno "alikubali" linaonyesha tu kwamba hukumwonea kwa nguvu. Halionyeshi kwamba hudaiwi chochote. Isitoshe, mjomba hakukubali kuanguka. Alikubali kubadilisha mabati mawili. Hatari ilikuja na kazi kama chenji ambayo hakuna aliyeihesabu, naye akaachiwa yote aibebe peke yake.

Kale watu walilifikiri jambo hili kuliko tunavyodhani. Sheria za Hammurabi, miaka karibu 1,750 kabla ya Kristo, zilimwadhibu mjenzi kwa kifo iwapo nyumba itabomoka na kumuua mwenyewe. Hapo macho yote yako kwa fundi. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, inageuka upande wa pili: inamtaka anayejenga nyumba mpya azungushe ukuta mdogo juu ya dari yake, asije akaitia nyumba hatia ya damu mtu akianguka kutoka humo. Haiulizi huyo aliyeanguka alikuwa nani, wala alikubali nini kabla ya kupanda. Inamhusu mwenye nyumba, tena kabla hajaanguka mtu. Mimi si mtu wa Torati, lakini ukuta ule mdogo nauona kuwa ni nanga ya zamani. Ni sehemu ya nyumba. Fundi haji nao begani.

Sheria za siku hizi zimefuata njia hiyohiyo. Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unaohusu usalama katika ujenzi, unataka hatua zichukuliwe ili wafanyakazi wa juu na wa mapaani wasianguke, unataka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi, na unampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari kubwa iliyo karibu. Ni maneno mazuri. Lakini yanasema "mwajiri", na ukija kijijini kwetu huyo mwajiri humwoni. Kuna mwenye duka mwenye bati mbili zilizolegea na fundi mwenye nyundo.

Rafiki yangu mmoja wa bweni, ambaye nilimsomea rasimu ya insha hii, alinipinga hapa, na sijampata vizuri. Aliuliza: je, kama paa ni la bibi mjane? Utamwambia anunue chuma na bolti na mkanda, na hata misumari anakopa? Ukimtwisha deni hilo, hatamwita fundi. Atamwita mjukuu wake wa miaka 14, na mjukuu atapanda bila kamba. Kwa kudai haki ya fundi utakuwa umemsukuma mtoto juu ya paa. Nimelifikiria swali hili majuma kadhaa. Ninachoweza kusema ni kwamba deni haliachi kuwa deni kwa sababu mdaiwa ni maskini. Linabadilika namna ya kulilipa. Bibi hawezi kununua nanga, lakini anaweza kukubali kazi ifanywe kesho bati likiwa kavu badala ya leo. Anaweza kukubali nusu saa ipotee kwa kufunga kamba, asisimame chini na kusema mbona mnachelewa. Na mkanda mmoja unaweza kutumiwa na mafundi sita wa kijiji kwa zamu, kama ngalawa moja inavyovuliwa na watu wasio ndugu, mradi anayeupokea aukague, na uliowahi kudaka mtu uondolewe kabisa kazini hata ukionekana mzima. Hata hivyo nakiri kwamba kwa mjukuu yule bado sina jibu.

Mwezi uliopita nilimpigia mjomba simu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza masomo. Nikamwambia kuwa siku ile sikufunga kwenye kenchi. Nilifunga kwenye papi, nikasema tayari.

Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Papi ya ngapi kutoka juu?"

"Ya pili, mjomba."

"Ile niliipigilia mimi," akasema. "Mwaka 2020, tulipoezeka. Misumari ilikuwa imeniishia. Kila kenchi niliipa mmoja mmoja, nikasema nitarudi."

Hakurudi, kwa sababu ya yaliyotokea baadaye, na kwa sababu paa lililokwisha kuezekwa halikumbushi mtu. Nilitaka kusema kwamba basi kosa tumegawana. Sikusema, na nafurahi sikusema. Lawama haigawanyiki kama pesa, kwamba akichukua yeye nusu mimi nabaki na nusu. Yeye alipigilia msumari mmoja. Mimi niliambiwa kenchi nikafunga papi. Mwenye duka alisimama chini akaona kamba ya mashua kiunoni mwa mtu na akaona inatosha. Kila mmoja ana lake, zima.

Mkono wake umeunga lakini haunyooki vizuri, nyavu havuti tena. Paa anaweza, kwa kutumia zaidi mkono wa kushoto. Duka lile bado lina upande mmoja haujamalizwa, na likizo hii tumeitwa tena. Mjomba ameandika makadirio ya gharama kwenye karatasi ya daftari akanitumia picha: mabati mawili, misumari kilo moja, ujira wa fundi, ujira wa saidia, na chini kabisa, kwa mwandiko uleule, nanga moja ya chuma na bolti nne, ibaki juu ya paa. Mwenye duka ameuliza kama mstari wa mwisho unaweza kutolewa. Mjomba amemjibu kwamba atamsubiri saidia wake afike ndipo wazungumze.